Ganzi Ilipomtoka Mama Mkwe

Jua lilikuwa linazama nilipotoka duka la dawa nimebeba pamba, barafu na vidonge vya maumivu. Mchana ule mama mkwe alikuwa ameng'olewa gego la chini kushoto, na daktari wa meno alinipa masharti kama ananikabidhi kichanga: alale kichwa juu, asitumie mrija, uji wake upoe kwanza. Ganzi ikiisha, alisema, ndipo moto utawaka.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe kitandani, kaegemea mito yangu mizuri. Kwenye stuli alikaa mgeni. Mwanamke mwembamba, kajitanda mpaka kwenye nyusi. Chumba kilinuka karafuu... na damu iliyolala.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. Akamwinamia mama mkwe.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na binti yako wa kumzaa?"

"Mwanangu mwache." Mama mkwe akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Huyu ni wa watu."

Nikadhani wanapanga nani amuuguze. Mgeni akasimama, akanipapasa shavu la kushoto. Vidole vyake... baridi, vikavu.

"Pole, mwanangu," akanong'ona, akatoka. Sikusikia mlango.

Nilikuwa jikoni nakoroga uji taya liliponilipuka.

Mwiko ukaanguka. Nikainamia sinki, nikatema.

Damu.

Ulimi ukaenda wenyewe mpaka nyuma, chini kushoto. Palikuwa na shimo. Laini. La moto.

Kisha nikasikia kitu chumbani. Kruch... kruch...

Nikachungulia. Mama mkwe alikuwa anatafuna karanga. Kwa upande uleule wa kushoto.

"Mbona umekunja uso, mke wa mwanangu?" akaniuliza. "Mimi mzima kabisa. Sisikii hata chembe."

Mume wangu aliporudi kutoka kazini alisema lazima nimejigonga mahali, basi tu naona aibu kusema. Asubuhi nikaenda peke yangu kwa yule daktari. Alinimulika mdomoni. Akasogeza taa, akaangalia tena.

"Nani amekung'oa?"

"Hakuna."

"Dada, mshono huu niliushona mimi." Akazima taa. "Jana. Kwenye fizi ya mama mkwe wako."

Akavua glovu, akaninyooshea vidonge huku anatazama ukutani.

Havikusaidia kitu. Wiki nzima mama mkwe alilala fofofo na kuamka anaimba. Uji niliompikia yeye, niliunywa mimi, kijiko kwa kijiko, machozi yakinitiririka. Wifi yangu alipokuja kumjulia hali alimsifu mama yake kwa kupona haraka. Mimi aliniambia nimezidi kudeka.

Jumapili, tukiwa mezani, mama mkwe akajisugua goti.

"Hospitali wameniita," akamwambia mume wangu. "Goti hili litapasuliwa, waniwekee chuma." Akanigeukia, mpole kweli kweli. "Utakuja kuniuguza, eti mwanangu?"

Nikafungua mdomo. Maumivu yakaufunga.

"Atakuja, mama," mume wangu akajibu huku anajipakulia. "Kwani nani mwingine?"