Kilichoonja Mtaa

Usiku ilisikika sauti moja tu: ulimi mpana ukilamba ngozi, taratibu, kama wa ng'ombe.

Mke wa mwoka mikate akawasha taa. Unyayo wa binti yao ulikuwa umelowa mate mazito ya kijivu, yananuka nyama iliyooza. Alipoyafuta yalinata vidoleni, yakavutika kama kamasi.

“Baba watoto,” alinong'ona, “kuna kitu kimemlamba mtoto.”

“Paka huyo.”

“Paka gani mwenye ulimi kama kiganja? Tuondoke, jamani. Kijana ametuma ujumbe mara tatu: kabla ya Alhamisi. Kesho ni Jumatano!”

“Kijana gani? Mimi sina kijana.”

Tangu mtoto wao wa kwanza ajiunge na jeshi la upande wa pili wa vita, miaka miwili sasa, jina lake lilikuwa marufuku nyumbani humo.

Asubuhi, foleni ya mkate ilinuka kama jalala. Kila mtu alijikuna shingo.

“Kimemlamba hata mama mkwe wangu,” alisema fundi cherehani. “Nasikia kilitapika.”

Watu wakacheka huku wameziba pua. Dobi peke yake alikuwa mkavu.

“Wewe hakikukugusa?” mwoka mikate alimuuliza.

“Hata kidogo, mzee. Labda kiliona nimeshafunga mizigo. Saa sita naondoka.”

Mwoka mikate akaguna, akarudi kwenye tanuri. Kama kila siku, kabla ya kuchoma, alichovya kidole kwenye unga uliokandwa, akaonja chumvi. Na kidole kikiwa bado mdomoni alihisi ulimi ule nyuma ya shingo yake, wa moto, wenye vipele, ukipanda polepole kutoka kwenye kola mpaka kisogoni, ukatulia hapo, ukipima, vilevile kama yeye alivyokuwa akipima, huku mate yakimchuruzika mgongoni na uvundo wa mizoga ukimjaa kooni, mpaka akatapika juu ya unga wote wa siku ile.

Akageuka. Hapakuwa na mtu. Tanuri liliwaka tu.

Miaka ishirini alikuwa akionja kile tu alichokuwa karibu kukitia motoni.

Alikimbia nyumbani na aproni yake yenye matapishi. Mkewe alikuwa bado anasugua unyayo wa mtoto kwa majivu, na harufu haitoki.

“Mama watoto,” aliuliza, “alisema tupite barabara ipi?”

“Nani?”

Akaivua aproni. Kisha akalitaja jina la mwanawe, lote, kama alivyolitaja siku aliyompakata mara ya kwanza.