Pole Baba, Inauma Wapi?

Fundi cherehani alikuwa akikonda kwa wivu. Mke wake, muuguzi wa zahanati, aliwabembeleza wagonjwa mchana kutwa. Akirudi nyumbani maneno yamekwisha. Anapika, anafua, kisha analala amempa mumewe mgongo.

"Kazini kulikuwaje leo?" fundi aliuliza.

"Kama jana."

"Na jana?"

"Niache, mume wangu. Nimechoka."

Mara simu ya mkewe ikaita. Aliyepiga alikuwa mgonjwa. Hapo hapo sauti ya muuguzi ikalainika. "Pole baba. Inauma wapi?"

Fundi akauma meno. Yeye pia alikuwa baba, tena wa watoto wawili, na hakukumbuka lini alipewa pole.

Kulikuwa na jambo jingine. Zamu ya mkewe iliisha saa nane, lakini alifika saa kumi na moja. "Namshikia mwenzangu zamu," alisema kila siku. Mwenzake gani huyo asiyepona? Kikulacho ki nguoni mwako, fundi alijisemea, na nguo ndiyo kazi yake.

Jumanne moja alifunga duka mapema. Akavaa shati lake zuri, akaenda zahanati, akapanga foleni. Angesema anaumwa kichwa. Nyuma ya pazia akasikia sauti ya mkewe: "Pole baba. Inauma wapi?"

Baadaye akatoka mzee mmoja anatabasamu. Fundi alimkagua juu mpaka chini. Meno hayakufika matatu. Hata huyu naye?

Nafasi yake ikafika. Aliketi kifua mbele, akingoja mkewe ashtuke. Muuguzi alikuwa akiandika kwenye daftari. Hakuinua uso.

"Pole baba," alisema kwa sauti ile ile tamu. "Inauma wapi?"

Fundi aliduwaa. Sauti aliyoionea wivu mwaka mzima sasa alikuwa amepewa yeye, na ndani yake hamkuwa na mtu.

"Mke wangu," alisema taratibu. "Ni mimi."

Muuguzi aliinua macho, akamtazama kwa muda. Kisha kalamu ikamponyoka, akalia.

Muuguzi mkuu wa zahanati alisikia kilio, akaja, akampeleka akapumzike chumba cha pili. Akarudi kwa fundi, akaliangalia lile shati zuri.

"Ulikuja kumfumania?"

"Ndiyo," fundi alikiri kwa aibu.

"Basi umefumania uchovu. Anayehudumia watu bila kupumzika hukauka moyo. Hapati usingizi mzuri, anakasirika upesi, anafika mahali hahisi kitu. Si kiburi, wala si kwamba hakupendi. Akiachwa hivyo, siku moja atampa mgonjwa dawa isiyo yake."

"Mbona hakusema?"

"Nani alimuuliza? Hata mimi nina kosa. Kila zamu ya ziada aliikubali, nami nikamsifu. Sasa nitaziondoa. Atachukua likizo, na yupo mshauri wa kuzungumza naye. Simu za wagonjwa zitapigwa hapa, si kwake."

"Na mimi?"

"Akirudi, mwache nusu saa bila maswali. Na jiko ushike wewe."

"Jiko?"

"Unashona koti zima, utashindwa na sufuria?"

Wiki ya kwanza sufuria zilimshinda kweli. Watoto walikula vilivyoungua na hawakunyamaza. Lakini mkewe alikuwa akilala, akiamka, akilala tena. Siku moja akauliza habari za duka.

Likizo ilipoisha alirudi kazini. Siku ile alifika nyumbani saa nane na nusu. Akavua viatu, akakaa kimya nusu saa yake. Kisha akaingia jikoni, akafunua sufuria, akamwangalia mumewe usoni.

"Baba, hii ni mboga au gundi?"

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Katika wagonjwa wote wa zahanati ile, hakuna aliyewahi kuambiwa hivyo. Hayo yalikuwa maneno yake peke yake.