Madirisha Yasiyofunguka

Doa lilionekana kwanza siku ya Jumatatu, kwenye kioo cha upande wa magharibi, ghorofa ya ishirini na tatu. Lilikuwa duara la ukungu, kubwa kama sahani, usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Mfagiaji akalifuta. Likarudi. Akalifuta kwa sabuni, likarudi tena, safari hii likipanuka na kusinyaa, likipanuka na kusinyaa.

"Kiyoyozi hicho," alisema Bi Saa, ambaye hakuwa na muda wa mambo ya madoa.

Waliomwita Bi Saa hawakukosea. Alisimamia kituo cha simu cha kampuni ya maji, na kazi yake ilikuwa kupima dakika za wasichana ishirini waliovaa hedfoni kutwa nzima, wakiwaeleza watu kwa nini mabomba yao yamekauka. Mmoja wao alikuwa kitinda mimba wake. Ni yeye mwenyewe aliyembembeleza mkuu wa idara mpaka binti akapata nafasi, kisha akatangaza kwa majirani wote: mwanangu yuko jengo la vioo.

Na jengo lilikuwa zuri, tusidanganyane. Asubuhi lilivaa mbingu nzima, mawingu yakipita ubavuni mwake bila haraka, na watu walisimama barabarani kulipiga picha. Kasheshe ilikuwa kuishi ndani ya hiyo picha. Ikifika saa saba mchana, jua liliingia bila kupiga hodi, wasichana wakafungua miavuli juu ya kompyuta zao ili waone wanachoandika. Mapazia yalikatazwa. Meneja wa jengo, ambaye wafanyakazi walimbatiza Bwana Kioo, alisema yanaharibu sura. Ndege walijigonga wakidhani ni anga, na wafagiaji walikuwa na zamu ya kuwaokota kabla wakubwa hawajaja. Dirisha la kufunguka halikuwepo hata moja.

"Wangetuuliza kabla ya kujenga," mfagiaji alinung'unika.

"Wakuulize nini wewe?" Bi Saa alimdakia.

"Kama binadamu anapumua."

Jumatano ikaja harufu. Haikuwa ya uozo wala ya moshi. Ilikuwa harufu ya vumbi mvua inapokaribia, harufu ya mahali pa wazi, ndani ya chumba ambacho hakijawahi kupitwa na upepo. Baada ya harufu ikaja sauti, kwenye mifereji ya kiyoyozi juu ya dari: pumzi ndefu ikivutwa, na kimya kirefu kabla haijaachiwa. Wasichana walinyamaza mmoja mmoja. Hata wateja walisikia.

"Samahani, dada," mzee mmoja aliuliza kwenye simu, "nani huyo anahema hapo kwako?"

Ndipo binti alipoanza kusimama mbele ya doa. Mwanzo ilikuwa wakati wa chai tu, halafu kila alipopata nafasi, paji la uso likiwa limegusa kioo, midomo wazi.

"Unatazama nini?" Bi Saa alimuuliza.

"Sitazami, mama. Hapa ndipo ninapopumua vizuri."

Nyumbani hakupumua vizuri. Alilala ameegemea mito mitatu. Daktari alimpiga picha ya kifua, akaishika juu ya taa, akasema kifua ni safi, pengine ni mawazo. Wiki ya tatu binti hakuweza kumaliza sentensi bila kutua. Na kila jioni, alipofika kwenye mlango wa chini, ule wa kuzunguka, kitu kilimkaba kifuani kikamrudisha nyuma mpaka akashika ukuta.

"Mama," alinong'ona jioni moja pale mlangoni, mdomo umebadilika rangi, "kuna mtu anataka kutoka na mimi. Lakini hatutoshi."

Bi Saa alikuwa amesema maisha yake yote kwamba majini ni kisingizio cha watu wavivu na waume watoro. Lakini ujuaji ni rahisi mgonjwa akiwa wa jirani. Asubuhi alimvuta mfagiaji pembeni akamuuliza, kwa sauti ambayo hakutaka aisikie hata yeye mwenyewe, kama anamjua mtu.

Mtu alikuja Jumamosi mchana. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea na mkoba kama wa mkunga. Mapokezi walimtaka aandike sababu ya kuja, naye akaandika, kwa mwandiko safi: kutengeneza kiyoyozi.

"Si uongo sana," alisema mle kwenye lifti.

Ubani hakuweza kuufukiza, maana kengele ya moshi ingelia na maji yakamwagika kutoka darini. Aliomba bakuli la maji, akaliweka chini ya doa, akabandika sikio kwenye kioo. Alisikiliza muda mrefu sana. Binti alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, akihesabiwa kila pumzi na mama yake.

"Huyu hakuwaingilia," mganga alisema chinichini. "Alikuwapo. Ni wa upepo. Hapa palikuwa hewa tupu, njia yake, mkaja mkamzungushia kuta. Sasa amegundua kwamba nyinyi huingia na kutoka, basi anajaribu kupita ndani ya huyu mtoto kama mtu anayepita tundu la ufunguo. Kila jioni anajaribu. Atampasua."

"Mtoe," Bi Saa alisema. "Chochote unachotaka, mtoe."

"Ni kazi ndogo. Fungueni dirisha."

Mfagiaji alipapasa ukingo wa kioo kama anayetafuta kitasa.

"Dirisha, jamani."

"Hayafunguki," alisema mfagiaji.

"Hili?"

"Yote. Ghorofa thelathini."

Mganga alivua miwani. "Nimetoa majini kwenye visima. Nimetoa kwenye maghala, na kwenye gari la mheshimiwa mmoja. Sijawahi kukosa dirisha."

Mfagiaji alichukua mtungi wa kuzimia moto akaurusha kwenye kioo kwa nguvu zake zote. Ukadunda. Kioo hakikupata hata mkwaruzo. Nyuma yao binti alikuwa ameanguka ubavu, macho yamegeuka.

"Basi atoke kwa mtu," mganga alisema haraka. "Mtu mzima, aliyezaa, mwenye kifua kipana. Atambeba mpaka nje. Lakini afunge mdomo mpaka upepo wa barabarani umpige usoni. Akisema neno moja ndani ya jengo hili, jini atahamia kwa aliye karibu."

"Nipe mimi," Bi Saa alisema. "Ngazi?"

"Kwa ngazi utahema kwa mdomo. Panda lifti."

Akapiga magoti, akaweka kinywa chake juu ya kinywa cha mwanawe kama alivyowahi kufanya siku alipozaliwa amechelewa kulia, akavuta, na kilichoingia kilikuwa baridi na kirefu, hakina mwisho, kama kamba inayovutwa kutoka kisimani, kikajaa kifuani, kikajaa mabegani, kikasukuma mbavu mpaka akazisikia zikilalamika, na wakati huohuo akasikia chini yake binti akivuta pumzi nzima, ya kwanza baada ya wiki tatu, akaanza kulia kwa sauti.

Bi Saa alifumba mdomo, akaenda.

Lifti nayo ilikuwa ya kioo, imening'inia nje ya ukuta ili wanaopanda waone mji. Ilisimama ghorofa ya kumi na nne. Akaingia Bwana Kioo, na nyuma yake mwanamke mjamzito, tumbo limetangulia, viatu vimembana.

"Shikamoo, mama," alisema mjamzito.

Bi Saa aliinamisha kichwa.

"Eh!" Bwana Kioo akacheka. "Siku hizi shikamoo haijibiwi?"

Kati ya ghorofa ya sita na ya tano umeme ukakatika.

"Jenereta itashika sasa hivi," alisema Bwana Kioo. Haikushika. Jua la saa tisa liliingia pande zote tatu, kiyoyozi kimezima, na pale palipokuwa pazuri pa kutazama mji pakawa sufuria yenye mfuniko, Bwana Kioo akilegeza tai na kubonyeza kitufe kilekile mara kumi, ishirini, jasho likimtiririka, huku ndani ya Bi Saa yule aliyebebwa akigeuka, akitafuta, akisukuma meno yake kwa upole kama mtu anayejaribu mlango.

"Hakuna hewa," mjamzito alisema. "Mama, hakuna hewa humu. Miguu yangu."

Bi Saa alipiga magoti amfungue viatu. Vidole vilikuwa vimevimba. Akavisugua.

"Nitakufa humu? Mama? Niambie." Alimshika Bi Saa bega. "Mbona hunijibu? Basi ni kweli. Ni kweli tunakufa, unanificha!"

"Mwambie kitu, bibie!" Bwana Kioo alifoka. "Wewe si mama?"

Bi Saa alitikisa kichwa, akambana mkono, akamwonyesha kwa macho asiogope. Lakini miaka kumi na tisa alikuwa amelipwa kusema na watu wenye hofu, na ishirini na nane alikuwa mama bila malipo. Aliinua uso, tumbo la yule mwanamke likiwa limemgusa mashavuni.

"Hufi, mwanangu."

Alijisikia mwepesi. Ndivyo alivyojua.

Umeme ukarudi. Mlango ulipofunguka chini, Bi Saa alimshika yule mwanamke kiganja, akamburuta peku kupita mapokezi, kupita mlango wa kuzunguka, mpaka barabarani, penye upepo.

"Pumua! Fungua mdomo, toa yote! Toa!"

Mwanamke alishtuka, akatii. Alipumua mara moja, mara tatu, mara kumi. Upepo ulipeperusha karatasi zilizokuwa chini. Kisha akacheka, aibu imemjaa.

"Nipo sawa, mama. Ni woga tu. Hata sijui nilikuwa nalia nini."

Simu ya Bi Saa iliita. Alikuwa binti, sauti imejaa, haikatiki. "Mama! Napumua, mama! Napumua!"

"Na huyu naye," alisema mjamzito, akiushika mkono wa Bi Saa na kuuweka tumboni kwa furaha. "Mle kwenye lifti alitulia kabisa, nikaogopa. Sasa msikie anavyopumua. Weka sikio."

Bi Saa alikuwa amezaa watatu. Alijua mtoto hupiga teke, hugeuka, hata kwikwi humshika. Hakuna apumuaye kabla ya kuzaliwa. Aliinama palepale, watu wakiwapita, akaweka sikio, akasikia pumzi ndefu ikivutwa, na kimya kirefu.

"Unatarajia lini?" aliuliza.

"Wiki tatu tu zimebaki."

"Mama?" binti aliita kwenye simu. "Upo? Ametoka?"

"Bado," Bi Saa alisema. "Bado wiki tatu."