Majivu Kwenye Kikopo cha Breki

Maiti ya Bekure Alemayehu ilikuwa bado imeshika usukani. Gari lilishuka mteremko wa mlima Entoto, likakosa kona ya mwisho, likagonga ukuta wa mawe. Barabarani hapakuwa na alama yoyote ya tairi lililojaribu kusimama.

"Huyu kakatiwa breki," koplo alisema.

Inspekta Asnakech akalala chini na kumulika tochi. Mipira ya breki ilikuwa mizima.

"Siku nyingine tazama kwanza, ndipo useme," alimwambia, akijipangusa matope.

Hakuna aliyemsikiliza. Kufika adhuhuri, mjane wa Bekure alikuwa ameapa kwamba muuaji ni fundi Girum, kwa kuwa ndiye aliyelishika gari mwisho. Koplo naye alikwisha kumtia pingu, na majirani walikuwa wakitishia kuichoma gereji.

"Ulifanya nini kwenye gari?" Asnakech alimuuliza mahabusu.

"Nilibadilisha tairi, afande."

"Na breki?"

"Sikugusa. Nilimwomba afungue boneti nitazame, akakataa. Kasema mafuta na maji vinaangaliwa nyumbani."

"Na nani?"

"Sikuuliza. Yeye alitaka tairi."

Asnakech akasonya. Mji mzima unaosha magari mpaka unajiona meno kwenye mlango, lakini boneti haifunguliwi mpaka moshi utoke.

Akaifungua mwenyewe. Kikopo cha mafuta ya breki kilikuwa kimejaa hadi mdomoni, na ndani, chini kabisa, palituama kitu cha kijivu. Akapeleka sampuli maabara, wakamjibu kwamba nusu ya mafuta yale ni maji. Kwenye mteremko mrefu breki zilipata moto, maji yakachemka yakawa mvuke, na pedali ikazama bila kushika kitu. Kile cha kijivu wakakiita uchafu.

Uchafu! Wasomi wazima. Asnakech alipakwa majivu kama yale utotoni kila alipougua. Ni majivu ya baraka, yanayokorogwa katika maji ya chemchemi takatifu.

Msibani, ndani ya hema, alimkuta Wubit, mama wa marehemu, paji la uso likiwa la kijivu na dumu dogo la njano miguuni. Akachuchumaa mbele yake.

"Mama, gari la Bekure lilikuwa likiangaliwa na nani?"

"Na mimi, mwanangu. Yeye hakuwa na nafasi. Alinionyesha siku moja tu, akasema nifungue vifuniko, palipopungua niongeze."

"Uongeze nini?"

"Maji." Akaligusa dumu. "Sikutaka kumtilia ya bomba. Ile barabara imekula watu. Nilipanda kilimani kwa miguu kuyafuata haya. Nikatia kwenye rejeta. Na kile kikopo cha pembeni kilikuwa kimepungua sana, nacho nikakijaza."

Tangu asubuhi Asnakech alikuwa na maneno makali ya kumwambia mtu. Sasa hakuona wa kumwambia. Akaeleza polepole kikopo kile ni cha nini, na maji hufanya nini humo. Mjane akajifunika uso kwa shuka.

Wubit akalisogeza dumu kando.

"Yule fundi yuko wapi?"

"Mahabusu, mama."

"Basi nishike mkono twende ukamtoe. Nikianza kulia, sitaweza tena kusimama."