Kiulizi cha Minara ya Jua

Kiulizi kiliwasimamisha mafundi mmoja mmoja langoni pa Minara ya Jua, mitambo ya umeme nje kidogo ya jiji la Dodoma, na hakuna aliyepanda juu kabla hakijamsaili. Kilikuwa mashine yenye kimo cha mtoto, kioo mahali pa uso, na sauti ya shangazi mpole. Kilijua lugha zote za mkoa na kilimtambua kila fundi kwa jina. Kazi yake ilikuwa kuuliza maswali tisa ya kupima afya ya akili. Majibu yakiridhisha, taa ya kijani iliwaka na lango likafunguka. Yasiporidhisha, iliwaka nyekundu, na fundi akapelekwa kwa Sekela.

Zamani maswali hayo yalikuwa makavu. Je, umekosa usingizi? Je, unajiona huna thamani? Watu wazima na ndevu zao waligoma kuulizwa mambo ya ndani na chombo cha chuma. Ndipo Mhandisi Mndeme alipopata wazo lililompatia sifa nchi nzima: akayavika maswali nguo za salamu. Habari za usingizi? Habari za nyumbani? Habari za moyo? Mafundi wakajibu bila kinyongo. Kiulizi kikisikia jibu tu, kinarukia swali linalofuata, na foleni ikawa inakwenda kama maji.

Sekela Mwambene alikuwa mshauri nasaha pekee wa minara yote. Miaka mitatu ya kusikiliza misiba ya watu ilikuwa imemchosha hadi kope, na usingizi wa usiku haukumtosha tena. Asubuhi hiyo hapakuwaka taa nyekundu hata moja. Hakujiuliza kwa nini. Alifurahi, tena alifurahi sana, akateremka kantini kunywa chai kabla ya kwenda kujinyoosha kwenye kitanda cha wagonjwa ofisini kwake.

"Dada Sekela," aliita Bi Siwema, mpishi wa kantini, "hivi Mzee Chibago mmemruhusu kupanda?"

"Kiulizi kimempa kijani. Kwani vipi?"

"Alipita hapa, nikamuuliza za nyumbani. Akasema, 'Nzuri, ila mke wangu tumemzika Jumamosi.' Chai hakugusa. Kaniachia na kikombe chake, eti nikitumie, yeye basi."

Sekela aliweka chai mezani. Mtu anayegawa vitu vyake na kusema basi huenda anaaga dunia; Sekela alifundishwa kumkimbilia. Akatoka mbio hadi mnara wa Chibago. Akiwa ndani ya kipandio, kile chumba cha kioo kinachopaa ubavuni mwa mnara, alimpigia Mndeme kwa simu iliyofungwa kifundoni mwa mkono.

"Chibago amejibu nzuri," Mndeme alisema. "Maswali yote tisa. Ninayaona hapa."

"Baada ya nzuri, ulimpa muda gani?"

"Muda wa nini?"

"Mndeme! Wewe umezaliwa Kondoa, unaniuliza muda wa nini? Nani kwenu aliyewahi kuulizwa habari akaanza na msiba? Si tunasema nzuri kwanza, ndipo tunaleta ila?"

Mhandisi akasema kwa sauti ya chini, "Ni foleni, Sekela. Meneja alitaka iende haraka. Na wewe ulilalamika wekundu wamezidi."

Ni kweli, alikuwa amelalamika. Kipandio kikafika juu.

Chibago alikuwa ameketi ukingoni mwa jukwaa la mafundi, miguu yake inaning'inia. Mkanda wake wa usalama ulikuwa umelala pembeni, haujafungwa popote. Chini yake vioo vya jua vilitanda hadi vilimani. Sekela aliogopa mahali pa juu tangu utotoni. Alikaa kitako, akajiburuta hadi mahali ambapo mkono wake ungeweza kumfikia.

"Shikamoo, Mzee Chibago."

"Marahaba, mwanangu. Huku umefuata nini?"

"Nimekuja kukuamkia. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Sekela hakusema kitu. Upepo ulivuma, chuma kikalia. Alitamani kumshika shati, akajizuia.

"Nzuri," Chibago alirudia, "ila nyumba imekuwa kubwa." Akafuta uso kwa kiganja. "Usiku nanyoosha mkono, simkuti. Kile chombo chenu kimeniuliza za nyumbani. Nikasema nzuri, nikavuta pumzi nikieleze. Kikaniuliza za chakula. Nikasema moyoni, basi, hata hiki hakina nafasi."

Maneno hayo yalimchoma Sekela kuliko tusi. "Mimi ninayo," alisema. "Tushuke, Baba. Hapa naogopa, nitaanguka."

Mzee aliona jinsi Sekela alivyong'ang'ania jukwaa, akamwonea huruma. Alifunga mkanda wake kwenye chuma, akamshika mkono, akamwongoza hadi kwenye kipandio.

Adhuhuri Chibago alikuwa amelala kwenye kitanda cha ofisini, akimngoja mdogo wake aje kumchukua. Mndeme alipiga simu. Alikuwa amekirekebisha kiulizi. Sasa kikishasikia nzuri, kinanyamaza na kungoja.

"Meneja amekubali kwa zamu moja ya majaribio," alisema. "Tuone."

Zamu ya mchana ilianza kuingia. Sekela alisimama dirishani, akitazama lango. Fundi wa kwanza aliulizwa, akajibu, kimya kikapita, mabega yake yakashuka. Taa nyekundu. Wa pili akapita kwa kijani. Wa tatu, nyekundu. Wa nne, nyekundu. Alikuwemo kijana aliyemchekesha kila mtu kantini. Alikuwemo pia msimamizi aliyekuwa akiwazomea wanaochelewesha foleni, na huyo aliongea na mashine muda mrefu, kofia mkononi.

Hawakuanza kuugua leo. Walikuwa wakipita hapo kila siku, naye Sekela akiwahesabu wazima. Alitamani kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu. Foleni ya wekundu ilikuwa imefika mlangoni pake na kukunja kona, na kitanda kilikuwa na mtu.

Alivua viatu, kama mtu anayejiandaa kukaa sana, akampigia simu Bi Siwema.

"Nitumie viti," alisema. "Vyote ulivyo navyo."