Mstari wa Chini

Betri alikuwa amezitoa mwenyewe, akazitia redioni. Lakini mchana ule, jua likiwa utosini, Kasaine aliingia chumbani kutafuta shati akakuta chombo chake cha kazi kinawaka juu ya kabati.

Alikijua chombo hicho kuliko alivyowajua ndugu zake. Kilikuwa sanduku zito lenye kioo kidogo, na kazi yake ilikuwa kusikiliza. Ulikichomeka kwenye waya kati ya kompyuta mbili zilizogoma kuelewana. Mstari wa juu ukaonyesha maneno ya hii, mstari wa chini majibu ya ile. Kwa miaka mingi Kasaine alikibeba Magadi, Namanga na Kajiado, akipatanisha mashine za watu, huku mkewe Naisula amebaki Kitengela katika nyumba isiyo na mtoto. Kisha akapunguzwa kazini, na chombo, kwa kuwa kilikuwa kimechakaa kama yeye, akaachiwa.

Sasa hakikuwa na waya wala betri. Mstari wa juu ukaandika, herufi moja moja: LEO AMEKULA BILA KUSEMA NENO.

Kasaine alikuwa ametoka mezani muda huo huo.

Mstari wa chini ukajibu: NILIMWONA. WEWE NIAMBIE MIMI.

Chumba kikanuka udongo uliolowa mvua, na mwaka ule Kitengela haikuwa imeona mvua. Jikoni, Naisula alikuwa akisugua sufuria, midomo ikimchezacheza.

"Unaongea na nani?" Kasaine aliuliza kutoka mlangoni.

"Kwani ni nani yuko hapa?" Naisula alisema, bila kugeuka.

Tangu siku hiyo Kasaine akawa msomaji. Alisoma habari za kifua kinachomuuma mkewe kila alfajiri, za mama yake Naisula, aliyezikwa huku Kasaine akiwa ameitwa kazini Namanga, za jioni zilizopita bila mtu wa kuambiwa kwamba jua limezama. Na kila mara mstari wa chini ulijibu kwa upole, na kila jibu lilizidisha ile harufu, na kitanda kikalalamika upande ambao hakuna aliyelala, na vikombe vikagongana rafuni bila upepo, mpaka mchana mmoja mstari wa chini ukaandika IJUMAA NITAKUCHUKUA, na wa juu, bila hata kusita, NIKO TAYARI.

Alikimbia kwa Mzee Warfa, muuza maziwa ya ngamia, ambaye watu walimjua pia kwa kisomo chake cha kutoa majini.

"Nyinyi mko na mapasta kila kona," mzee alimtania. "Leo umepotea njia?"

"Pasta alikuja, mzee. Alipomaliza kuomba, hiyo kitu iliandika Amina."

Mzee Warfa akaacha kucheka. "Na bibi yako, mara ya mwisho kuongea naye ilikuwa lini? Kuongea, si kuitisha chai."

Kasaine alianza kuhesabu miezi kwa vidole, akaacha.

"Nitaitoa," mzee alisema taratibu. "Lakini itaacha mahali wazi. Pajaze wewe, na maneno yako. Usiazime yake. Ukiazima maneno yake, umeikaribisha ndani yako."

Kisomo kilianza asubuhi ya Alhamisi. Ubani ulijaa chumba, mabati yakarindima kama kundi la mbuzi linalokimbia juu yake, na kwenye kioo mstari wa chini ukabembeleza, ukatukana, ukamwaga herufi zisizo za lugha yoyote. Naisula alishikilia kigoda kwa mikono miwili. "Usiende," alinong'ona, na hakuwa akimwambia mumewe. Kioo kikazima. Harufu ikakatika.

Naisula akarudia kupika na kufagia. Alikwenda kanisani, akarudi. Midomo haikumchezacheza tena.

"Joto leo," Kasaine alijaribu.

"Iko."

"Na kifua kinaendeleaje?"

Naisula aliweka mwiko chini. "Nani alikuambia niko na kifua?"

"Nilisoma. Kwa ile chombo."

"Ulisoma." Alizima jiko. "Mimi nilikuwa hapa jikoni, Kasaine. Na wewe ulikuwa hapo chumbani, unasoma."

Baada ya hapo aliacha kula. Alilala akitazama ukuta, akikonda, na daktari wa Kajiado hakuona ugonjwa. Kasaine alikaa kando ya kitanda akitafuta neno lake, moja tu, na kila alichookota kilikuwa cha waya na mashine. Vidole vya mkewe vilikuwa baridi. Pumzi yake ilikuwa ikichelewa. Hofu ikamshinda.

Akainama sikioni pake, akasema kama mstari wa chini ulivyokuwa ukisema: "Sogea karibu, roho yangu. Siku yako ilikuwaje?"

Naisula alifumbua macho. Uso ukamng'aa, uso ambao Kasaine hakuuona tangu harusi.

"Umerudi?"

Alitaka kusema hapana, ni mimi tu.

"Nimerudi," mdomo ukasema.

Naisula akamshika mkono, akaanza kumsimulia. Na Kasaine, akiwa mbali kabisa ndani ya mwili wake, alisikia sauti yake ikimjibu mkewe kwa upole ambao yeye hakuwahi kuwa nao.