Koti la Tarsis

"Shilingi sitini! Mrudishie Bwana wako!" Konsolata alizisukuma noti mezani. "Mume wangu si mbuzi."

"Shemeji, wajane wenzako wawili wamepokea," nyapara Kornelio alinong'ona. "Bwana anasema alidhani ni nguruwe."

"Watu watatu, wote nguruwe? Na wote walikuwa kwenye njia aliyowakataza weusi?"

Sajini Odilo, mpelelezi kutoka Dar es Salaam, alikuwa amechoka na wote wawili. Wiki nzima alikuwa kwenye kituo cha polisi Makambako kwa ajili ya vibarua watatu waliopigwa risasi kwenye shamba la miwati, miti inayochunwa magome ya kutengenezea ngozi, upande wa Njombe. Aliyewaua alishamjua. Lakini wakubwa wake, Wazungu kama huyo Bwana mwenye shamba, walitaka iandikwe ajali, na yeye alichotaka ni kupanda lori la Iringa arudi zake tu.

Konsolata alimkodolea macho Odilo.

"Afande, hilo koti ni la Tarsis, mume wangu."

"Najua, mama. Ni kielelezo cha kesi. Nimeliazima, baridi yenu itaniua."

Kornelio alirudi nyuma hadi mlangoni. "Mungu wangu. Matanga hayajaondolewa, afande! Koti la marehemu huvishwa mrithi mbele ya ukoo. Ukilivaa, umerithi. Madai yake ni yako."

"Mambo ya shambani hayo. Tokeni, nifanye kazi."

Kornelio akazoa noti, wakatoka. Odilo hakuwaambia kwamba tangu asubuhi koti lilikuwa limelowa mgongoni, ingawa lililala karibu na jiko, wala kwamba vidole vyake vilikuwa vimeingia rangi ya kahawia, ile ya wachuna magome, na sabuni haikuitoa.

Ukungu wa mchana ulifunika dirisha. Akashika kalamu, akaandika: ajali.

Shwaa. Gome likachunwa, nyuma yake. Chumba kikanuka miwati mibichi. Akageuka, hakuna mtu, akarudi kwenye karatasi, na sauti ile ikaja tena, safari hii ndani ya koti lenyewe, taratibu, kana kwamba mtu alikuwa akimchuna yeye kutoka shingoni kwenda kiunoni, naye akavuta vifungo, vikakataa kufunguka, akavuta tena, hadi alipohisi, ndani ya mkono wa koti uliokuwa na mkono wake tu, mkono mwingine wa baridi ukipenya pole pole na kuishika kalamu pamoja naye.

"Mama Konsolata! Njoo!"

Mjane alikuwa amekaa kwenye benchi nje. Akasimama mlangoni, asiingie.

"Mwambie aniache! Nitakupa mia! Mia mbili!"

"Wewe nawe unataja bei?" alisema kwa sauti ndogo. "Mrithi ni wewe, afande. Zungumza naye."

"Kamwene, Odilo," sauti ikasalimia Kibena, sikioni, bila hasira, sauti ya mtu aliyetoka kazini. "Andika aliyeniua."

Odilo alifuta neno lile. Akaandika jina la Bwana, akaandika kwamba alimpiga Tarsis risasi ya mgongo kwa kukanyaga njia yake, makusudi. Mkono ukalegea. Kifungo cha kwanza kikafunguka, cha pili kikafunguka. Odilo akashusha pumzi, akaweka kalamu chini.

Mkono ukamkaza tena.

"Bado wenzangu wawili. Andika."